Siku tukienda Borobudur, tuanzie kwenye meli

Wengi wetu tukisikia hekalu la kale, tunafikiria sala na sanamu tu. Borobudur, kule kisiwa cha Java nchini Indonesia, inavyo vyote viwili: ni hekalu la Wabudha lililojengwa kwa mawe kati ya karne ya 8 na ya 9, likiwa na sanamu 504 za Budha hapo awali. Lakini mimi nikipanga safari hiyo, sikimbilii kileleni. Naanzia kwenye meli zilizochongwa ukutani.

Meli hizo zina matanga, na pembeni zina magogo ya kuzuia zisipinduke, kama ngalawa za pwani ya Tanzania. Mwaka 2003 mabaharia walitoka Jakarta na meli iliyoundwa kwa kufuata michongo hiyo, wakazunguka kusini mwa Afrika, wakafika Accra, Ghana, mwaka 2004. Sasa iko kwenye makumbusho pale pale Borobudur.

Basi si ajabu Kimalagasi cha Madagaska kuwa ndugu wa lugha za Indonesia. Watu walivuka bahari hii zamani sana, wakaja na lugha yao, na mpaka leo inaongewa.

Ila sisi tuna hatua ya ziada. Indonesia haijajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Usikate tiketi kwanza. Uliza ubalozi wao kama wanaitambua hati yako ya kusafiria, na uhakikishe inakuruhusu kurudi huku unakoishi. Ndugu zetu wa mashirika, hapo ndipo tunahitaji msaada wenu.