Kanga ya Bei ya Mgeni

Nilishuka bandarini Unguja na begi mgongoni, daftari moja, na vijisenti vya kubana. Mama alikuwa ameniagiza kitu kimoja tu, doti ya kanga. Mimi nilikuwa na langu moyoni: nataka kuandika riwaya ya mji ule, na mwandishi asiyejua bei za sokoni ataandika nini?

Duka la kwanza nililiona Mji Mkongwe, kwenye uchochoro wa watalii. Muuzaji akanikaribisha kwa Kiingereza. Nikamjibu, "Salama kaka, habari za kazi?" Akacheka, ila bei haikucheka: dola 15. Ndugu msomaji, mtoto wa Temeke dola nizitoe wapi? Nikatoka kimyakimya kama mwizi.

Miguu ikanifikisha Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa, mpaka Juni 1873 Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza likafungwa. Shuleni mwaka huo niliukariri kwa ajili ya mtihani, mtihani ulipokwisha nikausahau. Safari hii haukutoka kichwani. Maana kufungwa soko hakukuwa kufungwa utumwa, bwana. Mashamba ya karafuu yaliendelea kutumia watumwa hadi 1897, sheria ilipowaruhusu kwenda kudai uhuru wao. Masuria wakaachwa wasubiri mpaka 1909.

Sasa sikia kilichonigusa. Mtumwa alivaa nguo duni: merikani, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Wakati huohuo, mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za madukani na kuziunga ziwe vazi moja. Ndiyo asili ya kanga. Walipopata uhuru, wengi walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori, wakaitupa kaniki. Mwanamke aliyefanya kibarua akapata chake, alikwenda dukani kununua kanga, akajifunga, akapita mtaani watu wamwone. Mama yake pengine aliuzwa katika mji uleule. Yeye sasa ndiye anayechagua, anayeuliza bei na kubisha.

Nikakumbuka nilivyotoka dukani bila hata kubisha. Nikaona haya.

Basi nikaenda Darajani. Jina lenyewe linatokana na daraja lililovuka hori lile, ambalo baadaye lilifukiwa. Soko kuu la pale lilijengwa 1904. Jirani yake nikamkuta bibi mmoja amezungukwa na kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wataka ya nani?"

"Ya mama."

"Basi usitazame rangi tu. Soma jina."

Alikuwa na maana ya yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Tukabishana bei robo saa nzima, tukakubaliana elfu 12, akanifungia katika gazeti.

Jioni nikaenda Forodhani na njaa yangu. Watalii walikuwa wakichagua pweza na kamba kwenye meza, taa zinawaka. Mimi nikachukua bakuli la urojo: bajia, viazi, kachori, ndimu na pilipili ya kutoa machozi. Safi kabisa! Bustani ile ina jina la forodha, yaani ushuru. Enzi za Seyyid Said ukusanyaji wa ushuru ulikodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, na hesabu zake ziligusa pembe za ndovu, karafuu, na binadamu pia.

Simlaumu yule kijana wa dola 15. Ana kodi ya pango, na mtalii ndiye mlo wake. Tangu Mji Mkongwe uingizwe kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, wageni wanazidi kuja kuutazama. Lakini kanga ikibaki kumbukumbu ya kuwekwa sandukuni Ulaya, nani atasimulia kwamba ilikuwa ushahidi wa mtu kuwa huru?

Mama alipoifungua aliisoma kwanza, kisha akaipima kiunoni, akauliza, "Umenunua bei gani?" Nikamtajia. Akasema nimepigwa.