Ukiukaji wa Pariti katika Molekuli Kairali

Ponda mbegu za kisibiti, kisha fikicha majani ya mnanaa. Pua haitayachanganya mawili hayo hata kidogo. Hata hivyo, harufu zote mbili hutokana zaidi na karvoni, molekuli yenye atomi zilezile, zilizoungana kwa mfuatano uleule. Ila ile ya kisibiti ni taswira ya kioo ya ile ya mnanaa, na huwezi kuzilaza moja juu ya nyingine zikalingana, kama usivyoweza kuuvisha mkono wa kulia glavu ya kushoto. Molekuli ya namna hiyo huitwa kairali, neno lenye asili ya Kigiriki, kutoka lile la mkono.

Kemia ya darasani hufundisha kwamba pacha hizi zina nishati ileile na hutetema kwa masafa yaleyale. Fundisho hilo lina kasoro ndogo mno, na chanzo cha kasoro hiyo ndiyo istilahi yetu: ukiukaji wa pariti.

Pariti ni kanuni isemayo kwamba tukio la kimaumbile, likigeuzwa lilivyo kwenye kioo, hubaki tukio linalowezekana kwa kiwango kilekile. Uvutano, sumakuumeme na nguvu kali ya nyuklia huitii. Nguvu dhaifu ya nyuklia haiitii. Wanafizikia Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang waliitilia pariti shaka mwaka 1956. Chien-Shiung Wu na wenzake wakapoza kobalti-60 hadi karibu na sifuri halisi, wakaona elektroni zikichomoka zaidi upande mmoja, jambo ambalo pariti isingeliruhusu. Lee na Yang walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1957. Wu hakupewa, na mimi naihesabu hiyo kuwa dhuluma.

Mfasiri mwenye haraka atavutwa na “uvunjaji wa usawa”. Neno hilo nalikataa. Usawa tumeshaukabidhi haki, jinsia na mizani. Na kilichovunjika huwa hakipo tena. Sheria inayokiukwa bado ipo, na wengine wanaendelea kuitii. Ndivyo hali ilivyo hapa: nguvu tatu zinatii, moja inakiuka.

Na kwa nini wanaosaka tofauti ya pacha zetu hutazama metali nzito? Nguvu dhaifu haifiki mbali; umbali wake ni mfupi kuliko hata upana wa kiini cha atomi. Kwa hiyo elektroni haina budi kupita ndani ya kiini chenyewe ili iguswe. Katika atomi nzito elektroni huvutwa kwa nguvu zaidi, hukimbia kwa kasi kubwa karibu na kiini, na spini yake hufungamana sana na mwendo wake. Matokeo yake athari hukua takriban kwa kipeo cha tano cha namba ya atomi. Kaboni ni 6; reni, ambayo ni metali nzito, ni 75. Gawanya, upate 12.5, ipandishe kwenye kipeo cha tano, utapita laki tatu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowahamisha watafiti hadi kwenye metali nzito. Mwaka 1999, huko Villetaneuse karibu na Paris, walilinganisha kwa leza pacha mbili za molekuli yenye kaboni, hidrojeni, florini, klorini na bromi. Mtetemo wake ni wa takriban mara trilioni 30 kwa sekunde, nao hawakuona tofauti yoyote inayozidi hezi 13. Nadharia inatarajia milihezi chache tu. Mwaka 2004 Peter Schwerdtfeger na Radovan Bast wakakokotoa kwamba kampaundi za reni na osmi zinaweza kutoa tofauti ya kiwango cha hezi. Kazi ngumu sasa ni ya wakemia: kutenganisha pacha hizo zikiwa safi, kisha kuzifanya gesi bila kuziharibu.

Watunga kamusi za sayansi, naomba neno hili liingizwe hivi: *ukiukaji wa pariti*, hali ya nguvu dhaifu kutofautisha tukio na taswira yake ya kioo, umethibitishwa katika viini na atomi, bado haujapimwa katika molekuli kairali.