Kunyosha Mgongo: Kulianza Wapi, na Kunafaa Lini?

Wengi wenu, mgongo ukiuma kwa kubeba maji, humwita mkandaji awavute mpaka mifupa ilie "ka!" Hebu leo tuone kazi hiyo ilitoka wapi na hufanya nini mwilini.

Kunyosha mgongo ni jambo la kale. Maandishi ya Wagiriki wa zamani yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yanaeleza namna ya kuuvuta na kuukandamiza. Mwaka 1895, mjini Davenport, Marekani, Daniel David Palmer alisema amemrudishia mfagiaji mmoja, Harvey Lillard, uwezo wa kusikia kwa kusukuma pingili ya mgongo wake. Alifundisha kwamba pingili ikihama hubana mshipa wa fahamu, na kwamba magonjwa karibu yote hutoka hapo. Mwaka 1897 akafungua shule.

Lakini mama, mshipa wa kusikia hutoka sikioni ukaenda ubongoni; haupiti mgongoni. Leo tunajua pia kwamba ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake. Kiungo kikivutwa ghafla, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na misuli iliyokaza inaweza kulegea kwa muda. Kwa hiyo mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno ya kawaida anaweza kupata nafuu kidogo. Kunyosha hakutibu homa wala degedege.

Sasa sikiliza hatari yake. Mwaka 1779, Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika juu ya wagonjwa wenye kibyongo ambao miguu yao ililegea. Baadaye ilijulikana kuwa ugonjwa huo ni kifua kikuu cha mgongo. Mfupa ulioliwa na ugonjwa ukivutwa, unaweza kuvunjika na kuumiza mshipa mkuu wa fahamu, mtoto akapooza. Ilhali kifua kikuu kina dawa, na katika hospitali za serikali hutolewa bure.

Basi usikubali mtoto avutwe shingo au mgongo. Ukiona homa na shingo kukakamaa, miguu kulegea ghafla, kinundu mgongoni, au mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo akashindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkandaji anaweza kungoja. Mgonjwa huyo hawezi.