Alama Sita za Taka

Filamu za michezo inayookoa vijana zinafanana kama mapacha. Vijana watukutu, wengine wakiwa wametoka korokoroni, wanakusanywa na kocha asiyecheka. Mwanzoni wanapigana wao kwa wao. Katikati mmoja anauawa, au anarudi kwenye genge. Mwisho wanashinda mechi ambayo hakuna aliyedhani wangeishinda, na muziki unapanda. Gridiron Gang ya mwaka 2006, ambamo The Rock anawafunza kandanda ya Kimarekani vijana wa kambi ya wafungwa wachanga huko Los Angeles, ilienda njia hiyo. Queen of Katwe ya 2016 nayo ilifuata njia hiyo hiyo, ila ikaweka sataranji mahali pa mpira na Kampala mahali pa California. Zote mbili zimetokana na mambo ya kweli, na katika mabanda ya video ya mitaa kama Majengo ya Meru na Majengo ya Embu, ambako DJ Afro aliwazoesha watu kutazama sinema za Kizungu kwa Kiswahili cha mtaani, hadithi ya mnyonge aliyeshinda haikosi wateja.

Kenya inayo ya kwake, tena ilianza kabla ya hizo mbili kutungwa. Taabu ni kwamba ni ngumu kuipiga picha, kwa sababu shujaa wake mkuu ni jedwali la msimamo wa ligi.

Kwa watu wa Meru na Embu, mahali ilipoanzia si ugenini. Mnamo Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipoifagia Nairobi katika Operesheni Anvil, waliokuwa wakisakwa mabarabarani na vyumbani walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walipelekwa vizuizini, wengine wakarudishwa walikotoka. Katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari vibanda vya bonde la Mathare jijini humo, ambako hadithi hii ilianzia, vilivyojengwa kando ya machimbo ya mawe, vilibomolewa. Baada ya uhuru watu walirudi, safari hii kutoka kila pembe ya nchi, wakajenga upya kwa mabati, mbao na udongo. Hakuna aliyewachorea barabara wala mtaro. Hakuna aliyewatengea kiwanja.

Majengo ya Meru na ya Embu yana asili tofauti, ingawa upungufu ni ule ule. Boma la Embu lilianza 1906, na la Meru likafunguliwa 1908 na afisa wa kikoloni E. B. Horne, yule ambaye Wameru walimwita Kangangi. Kila lilipokaa boma, kando yake walikaa askari, wapagazi, makarani na wachuuzi, wengi wao Waislamu waliozungumza Kiswahili, na hao ndio walioanzisha mitaa ya Majengo tunayoijua katika miji mingi ya bara. Ilikuwa mitaa ya kulala baada ya kazi. Mtoto wa mtaa huo akitaka kucheza alitafuta barabara, uga wa msikiti au kiwanja cha mtu ambaye bado hajajenga, na hali hiyo haijabadilika sana.

Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa Nairobi akifanya kazi za ushauri wa mazingira, alisimama Mathare kuwatazama watoto wakicheza. Mpira wao ulikuwa wa makaratasi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, ule ambao kila Mkenya aliyekulia mtaani anajua kuufunga. Waliokuwa wakicheza hawakuwa na refa. Munro akajitolea kupuliza filimbi, kwa sharti moja: kwanza wakisafishe kiwanja. Walikisafisha. Mapatano hayo ya nipe nikupe ndiyo yaliyozaa Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, ambacho wengi wanakijua kwa herufi zake nne, MYSA.

Hadi hapo bado tuko ndani ya filamu: mgeni mwema, watoto maskini, filimbi. Tungeishia hapo, ingekuwa hadithi ya Mzungu aliyekuja na mpira, na za namna hiyo Afrika imezisikia hadi imechoka. Kilichonifanya niiandike hii ni kanuni iliyofuata.

Mathare ilikuwa na taka hadi magotini. Mvua ikinyesha mitaro iliziba, maji machafu yakaingia vyumbani, watoto wakaugua. Baraza la jiji lilionekana kwa nadra. Basi wapangaji wa ligi wakaamua kwamba timu itapata alama za uwanjani na alama za mtaroni, na zote zitaingia katika jedwali moja. Ushindi ni alama tatu. Kazi ya usafi iliyokamilika ni alama sita.

Hebu tupige hesabu kidogo. Timu ya kwanza imeshinda mechi mbili lakini Jumamosi ya usafi baadhi ya wachezaji wake walilala na kazi haikukamilika: ina alama sita. Timu ya pili imefungwa mechi moja na kutoka sare nyingine, ila vijana wake walitoka asubuhi na reki, sepetu na mkokoteni, wakazibua mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho: ina alama saba. Iko juu. Yule mshambuliaji hodari wa timu ya kwanza, ambaye filamu ingempa dakika arobaini za peke yake, amepitwa kwa sababu hakuamka. Na wa kumlaumu ni wenzake kumi, ambao watamgongea mlango Jumamosi ijayo bila kungoja kocha awahutubie. Siamini kama kuna hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo iliyowahi kufanya kazi ya hesabu hiyo.

Kanuni nyingine zilifuata mkondo huo. Pembeni mwa kadi ya njano na nyekundu waliongeza ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote. Kuzungumza na refa ni kazi ya nahodha pekee. Mchezaji aliyetolewa kwa utovu wa nidhamu hakuachwa akae nyumbani akihesabu siku za adhabu, alipelekwa kuchezesha mechi za watoto wadogo. Hebu mfikirie kijana wa miaka kumi na saba aliyemtukana refa wiki iliyopita, sasa amesimama katikati ya vitoto ishirini na viwili, kila kimoja kinadai ni penalti. Anajifunza upesi.

Ada ya shule nayo iliingizwa humo humo. Kijana aliyejitolea kufundisha wadogo, kuchezesha mechi, kusafisha mtaa au kuelimisha rika lake kuhusu ukimwi alijikusanyia alama, na waliokuwa na nyingi walilipiwa karo. Mwaka 1992 chama kikaanzisha ligi ya wasichana. Hapo upinzani haukutoka kwa magenge, ulitoka majumbani. Saa ya mazoezi ndiyo saa ya kuteka maji, kulea mdogo na kuinjika chungu. Akina mama waliuliza nani atafanya kazi hizo, na mtoto wao atarudi saa ngapi, na kwa njia gani. Lilikuwa swali la haki kabisa, na halikujibiwa kwa mabango. Ilibidi watu waende nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi.

Dunia iliona upesi. Timu ya Mathare ilikwenda Norway mwaka 1990 kushiriki mashindano ya vijana ya Norway Cup, na 1992 chama kikatunukiwa tuzo ya mazingira ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1997 vijana wake walipewa kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao wenyewe, zikawa kitabu, Shootback, kilichotoka 1999. Mwaka 2003 na 2004 jina la chama lilitajwa miongoni mwa waliopendekezwa kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hayo ni mapambo. Mimi naona kazi iliyomgusa kijana mwenye matatizo ni ile isiyo na kombe: wanachama walianza kuwafuata watoto wa mitaani waliokuwa wamefungiwa katika vyumba vya polisi na mahabusu, wakiwapelekea chakula na kuwatafutia njia ya kurudi makwao. Mtoto wa Mathare akimtembelea mtoto wa Mathare kizuizini, bila sare wala cheo.

Makombe nayo yalikuja, na hapa hata mpenzi wa filamu ataridhika. Mathare United iliundwa 1994 kwa ajili ya wale waliokuwa wakubwa kupita ligi za watoto. Mwaka 1998, ikiwa bado haijafika ligi kuu, ikatwaa Kombe la Moi, na mwaka 2000 ikalirudia. Dennis Oliech na Titus Mulama walipitia klabu hiyo, na wote wawili walikuwa Tunisia mwaka 2004, Kenya ya kocha Jacob "Ghost" Mulee ilipoipiga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Kisha ukaja mwaka 2008. Januari na Februari, baada ya uchaguzi wa Desemba, Mathare ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoungua vibaya zaidi Nairobi. Jirani alimfukuza jirani, nyumba zikachomwa, vijiji vya bonde hilo vikagawanyika kwa makabila. Klabu yenye jina la bonde hilo, wachezaji wake wakiwa wa makabila yale yale yaliyokuwa yakikatana mapanga, ilimaliza mwaka huo ikiwa bingwa wa Kenya, na ni mara moja tu ilipolitwaa taji hilo. Kocha alikuwa Francis Kimanzi, aliyelelewa na chama hicho hicho na ambaye pia aliinoa timu ya taifa, Harambee Stars. Kama kuna mtayarishaji anayetafuta mwisho wa sinema, ndio huo.

Mimi singeufunga hapo. Sinema ya Los Angeles inaisha msimu unapoisha, lakini bonde la Mathare liliamka kesho yake. Klabu imewahi kushuka daraja tangu wakati huo. Vijana wanaendelea kufa kwa risasi: mwaka 2017 Kituo cha Haki ya Kijamii cha Mathare kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi katika mtaa huo. Alama sita hazikumzuia mtu kushika bastola, wala hazikuzalisha ajira. Nilivyofuatilia historia hii, naona zilifanya jambo moja dogo ambalo linaweza kupimwa: zilimpa kijana sababu ya kuonekana mahali fulani, saa fulani, kila wiki, na watu wa kumuuliza asipoonekana. Waliobaki humo miaka kumi walitoka wakiwa marefa, makocha, makarani wa ligi na wapiga picha.

Nikirudi Majengo, tunayo mashindano, tena ya kelele. Uchaguzi ukinukia, mheshimiwa hutokea na seti za jezi zenye jina lake mgongoni, mipira miwili na mbuzi wa mshindi. Vijana hucheza kwa moyo wote, wengine wakishuka kwenye bodaboda na kuingia moja kwa moja uwanjani. Fainali ikiisha mbuzi anachinjwa, kura zinapigwa, na hakuna mechi nyingine hadi miaka mitano ipite. Wakati huo huo Meru ina uwanja wa Kinoru, uliokarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kabla ya Kenya kupokonywa mashindano hayo Septemba 2017 yakaenda Morocco. CHAN ilipokuja kweli, Agosti 2025, mechi za Kenya zilichezwa Nairobi.

Ligi ya watoto wasiozidi miaka kumi na miwili haihitaji jukwaa. Inahitaji filimbi, daftari la msimamo lililobandikwa mahali ambapo kila mtu anapita, na mtu wa kukagua mtaro kabla alama sita hazijaandikwa. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, kwa hiyo jezi mpya haziko mbali. Nahodha atakayekwenda kuzipokea angemwomba mheshimiwa aongeze na wilbaro.