Nani Alaumiwe? Historia ya Utasa Afrika ya Kati

[Muziki wa kufungulia, sekunde 15, kisha ushuke chini ya sauti]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia jambo linalovunja ndoa nyingi kimyakimya, yaani kukosa mtoto. Mwanamke hurudishwa kwao na mahari kudaiwa. Wengine huitwa wachawi. Lakini je, historia inatufundisha nini? Tusikilize.

[Muziki mfupi]

MSIMULIZI: Turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1908, daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitoa taarifa kwamba kaswende imeenea mno Uganda, hasa Buganda. Alidai chanzo kimojawapo ni wanawake kuachiwa uhuru kupita kiasi. Baadaye wanahistoria waligundua kwamba wagonjwa wengi waliohesabiwa huenda walikuwa na buba, ugonjwa unaofanana na kaswende lakini hauambukizwi kwa kujamiiana. Hata hivyo lawama ilikuwa imeshamwangukia mwanamke. Mwaka 1913 kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa kilianzishwa kwenye kilima cha Mulago, Kampala. Hicho ndicho kilichokua na kuwa Hospitali ya Mulago.

Lakini tatizo la watoto kuwa wachache lilikuwa la kweli, na halikuishia Uganda. Lilionekana Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Lilionekana kwa Wanzakara wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, na kwa Wamongo wa Ekweta, Kongo. Uchunguzi wa idadi ya watu uliofanywa Kongo ya Wabelgiji kati ya 1955 na 1957 ulionyesha kwamba katika baadhi ya wilaya, zaidi ya mwanamke mmoja kati ya watano waliopita umri wa kuzaa hakuwahi kupata mtoto. Wataalamu waliliita eneo hilo lote ukanda wa utasa.

Watu walitafuta sababu. Wazee walisema ni laana. Wakoloni walisema ni tabia mbaya. Wachache walikumbuka yaliyoipata Ekweta wakati wa mpira, chini ya Mfalme Leopold wa Pili: vijiji kuchomwa, wanawake kukamatwa mateka, watu kukimbilia porini. Ninyi mliokimbia vita mnajua kwamba familia zikitawanyika na wanawake wakibakwa, magonjwa huenea.

[Muziki mfupi]

MSIMULIZI: Daktari mmoja Mfaransa, Anne Retel-Laurentin, aliishi na Wanzakara na kuwachunguza. Mwaka 1974 alichapisha kitabu kuhusu utasa Afrika, akionyesha uhusiano wake na magonjwa ya zinaa. Kisonono kisipotibiwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi, kikaacha makovu, na mirija ikaziba. Yai la mama na mbegu ya baba haviwezi tena kukutana. Klamidia hufanya vivyo hivyo, mara nyingi bila dalili yoyote. Kaswende huharibu mimba au huua mtoto tumboni. Na mwanaume naye huweza kuzibwa njia ya mbegu na kisonono hicho hicho.

Miaka ya 1950 penisilini ilianza kufika kwenye zahanati. Sindano zilipoenea, watoto waliongezeka katika sehemu nyingi za ukanda ule. Wanawake wale hawakuwa na laana. Walikuwa na maambukizo yenye dawa.

Hata hivyo penisilini huua vijidudu tu, haizibui mirija iliyokwisha kuziba. Jibu la hilo lilipatikana Uingereza. Mama mmoja, Lesley Brown, alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka tisa, mirija yake imeziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy walitoa yai lake, wakalikutanisha na mbegu ya mumewe maabara, kisha wakalirudisha kwenye tumbo la uzazi. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, alizaliwa Louise, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hiyo. Baadaye huduma hiyo ilifika Kampala na Nairobi. Lakini gharama yake bado ni kubwa, na wengi wetu hatuwezi kuilipa. Ndiyo maana kinga ni muhimu zaidi kwetu.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, tumesikia. Sasa tufanye nini?

Kwanza, mkikaa mwaka mzima mkikutana kimwili bila kinga na mimba haijaingia, nendeni kliniki wote wawili. Baba, usimtume mama peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo hili maishani mwake, na tatizo laweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote.

Pili, ukitokwa na usaha, ukiumwa tumbo la chini au ukisikia maumivu wakati wa kukojoa, tafuta matibabu mapema, na mwenzako atibiwe pia. Kama umebakwa, fika kituo cha afya ndani ya saa 72. Hata saa hizo zikiwa zimepita, nenda, bado utasaidiwa.

Tatu, mama mjamzito, anza kliniki mapema na uombe kupimwa kaswende. Ikionekana, sindano ya penisilini humwokoa mtoto aliye tumboni.

Na wewe mama mkwe, kabla ya kumfukuza mke wa mwanao, kumbuka wanawake wa Ekweta. Walilaumiwa miaka mingi kwa ugonjwa ambao sindano iliuweza.

[Muziki wa kufungia]