Pikipiki inasita kwenye mlima wa Fizi: sababu ni nini?

Pikipiki iliyotembea sana, ikisita kutoka Baraka kupanda Fizi, wamotari wengi wanalaumu mlima. Hapana. Huko juu hewa ni nyepesi. Kwa kabureta, mafuta ndiyo yanazidi.

Injini ikiwa moto, vuta choki kidogo. Ikipata nguvu, basi esanse inafika kidogo: uchafu wa mafuta ya chupa umeziba kabureta, ao hewa inapenya. Buji nyeupe inathibitisha.

Kesho yake, ikiwaka tu, kabla haijapata joto, nyunyizia maji mpira unaounganisha kabureta na injini. Mungurumo ukibadilika, mpira umepasuka. Usijaribu kwa esanse, utaungua! Mpira ubadilishwe, gundi haidumu. Ukiendelea hivyo, joto linaweza kutoboa pistoni, na mgonjwa uliyembeba abaki njiani.