Milimita 67 za Kabalo

Zichukue simu mbili zilizogombania mfuko uleule wa mnunuzi wa Afrika tangu mwisho wa 2023, Samsung Galaxy A05 na Tecno Spark 20, usome sifa zake mstari kwa mstari. Kioo cha kwanza kina inchi 6.7, cha pili 6.6. Kamera kuu ya kila moja ni ya megapikseli 50, betri ya kila moja ni ya mAh 5000, na hata chipu ni ileile, Helio G85 ya MediaTek. Kinachobaki cha kushindania ni kidogo: Tecno ina kamera ya mbele ya megapikseli 32 mbele ya 8 za mpinzani wake, na kioo chake hujichora upya mara 90 kwa sekunde badala ya 60, Samsung hupokea chaji kwa wati 25, Tecno kwa 18. Juu ya mistari hiyo mitatu hujengwa matangazo, mabishano ya vijana na maamuzi ya kutoa akiba ya miezi. Ninachokishikilia hapa ni kwamba ulinganisho wa namna hii, hata ukiwa sahihi kila tarakimu, huacha nje kipimo chenye uzito kuliko vyote: kama kifaa kinaoana na mtandao wa mahali kitakapofanyia kazi. Kabalo, mji wa reli na mto katika jimbo la Tanganyika nchini Kongo (DRC), una historia ya zaidi ya miaka mia moja inayothibitisha jambo hilo, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa kabla mtu yeyote hajaota simu ya mkononi.

Kabalo ipo kando ya Lualaba, mahali inapoanzia reli ya kwenda Ziwa Tanganyika. Kampuni iliyoijenga, CFL, ilianzishwa 1902 na tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain, na mpango wake haukuwa reli moja ndefu. Penye maporomoko iliweka treni, penye maji matulivu ikaweka meli. Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, treni ilianza 1906. Ubundu hadi Kindu, meli. Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, treni tena, ili kuyakwepa maji makali ambayo Wazungu waliyapa jina la Milango ya Jehanamu. Kutoka Kongolo mto ulirudi kuwa njia, ukapita Kabalo na kuendelea hadi Bukama. Mwaka 1915 tawi la mashariki, kilomita 273 kutoka Kabalo, likafika ziwani, pale ilipo Kalemie, wakati huo Albertville. Hesabu safari ya gunia moja lililotoka Kisangani kwenda Kalemie: lilipanda treni mara tatu na meli mara mbili, na kila badiliko lilikuwa bega la mtu. Gunia lilishushwa kutoka melini, likavushwa juu ya ubao hadi gatini, likasubiri, likapandishwa behewani. Kasi ya meli na nguvu za kichwa cha treni zingeweza kuongezwa maradufu bila kuufupisha muda uliopotea pale gatini. Mji uliishi kwa kazi hiyo ya kupakua na kupakia, na biashara nzima ya mashariki ya Kongo ililipia.

Mwaka huohuo wa 1915 Kabalo ilipitishiwa mzigo ambao ni ushahidi bora kuliko wote ninaoujua. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, na upande wa pili wa ziwa Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, meli ya chuma yenye urefu wa mita zipatazo 70, na walilitawala ziwa lote. Waingereza walituma motaboti mbili, Mimi na Toutou, kila moja ya futi 40. Ukizilinganisha kwa karatasi, ulinganisho unakwisha mara moja: Götzen inashinda kwa ukubwa, kwa chuma, kwa idadi ya watu inaowabeba. Lakini motaboti zile zilitosha juu ya behewa. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa milimani kwa mashine za mvuke na ng’ombe, zikarudi relini hadi Bukama, zikateremshwa Lualaba hadi Kabalo, na Oktoba 1915 treni ya CFL ikazifikisha ziwani. Siku ya 26 Desemba ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na Kingani hiyo iliyotekwa zikaizamisha meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann. Msomaji atasema kwamba Götzen yenyewe hazikuipiga, na ni kweli. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakiifikia Kigoma. Lakini hata Götzen ilifika ziwani ikiwa imefunguliwa vipande na kufungwa ndani ya maelfu ya masanduku, kwa reli ya kutoka Dar es Salaam iliyofika Kigoma 1914. Pande zote mbili, chombo kilikuwa na thamani pale tu reli ilipoweza kukibeba, na sehemu kubwa ya vita vya ziwani ilikwisha kuamuliwa na mafundi wa reli kabla risasi haijalia.

Reli ya CFL ilikuwa na upana wa mita 1 kamili kutoka chuma hadi chuma. Kusini, Katanga, kampuni ya BCK ilikuwa inajenga mtandao mwingine wenye upana wa mita 1.067, kipimo kilichopanda kutoka Afrika Kusini kupitia Rhodesia na kufika Lubumbashi 1910. Tofauti ni milimita 67, pungufu kidogo ya upana wa simu uliyoshika mkononi. Ukiwa umesimama kati ya reli mbili huwezi kuiona kwa jicho. Lakini gurudumu la treni lina ukingo unaoshika upande wa ndani wa chuma, na ukingo huo haukubali hata nusu ya tofauti hiyo: magurudumu ya behewa la Lubumbashi yangepanda juu ya reli za Kabalo. Kwa miaka arobaini kampuni hizi mbili zilihudumia koloni moja huku kila moja ikiwa imejifungia na kipimo chake. Mwishowe CFL ndiyo iliyokubali kubadilika. Mwaka 1955 njia yake ya Kindu hadi Kalemie, ambayo sasa ilikuwa reli tupu bila kipande cha meli, ilipanuliwa ifikie 1.067, na 1956 reli kutoka Kamina ikaingia Kabalo. Kuanzia hapo behewa lililopakiwa Lubumbashi liliweza kufunguliwa Kalemie bila mzigo kuguswa njiani. Thamani ya makutano hayo ilionekana upesi: Aprili 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, mamluki wa Tshombe, kiongozi wa Katanga, walijaribu kuutwaa mji, wakazuiwa na askari wa Ethiopia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa.

Hapa ni lazima kusema kuoana ni na nani, maana hakuna kipimo kinachooana na kila mtu. Upana wa zamani wa CFL ulikuwa sawasawa na ule wa reli ya kati ya Tanzania, mita 1 kwa mita 1, na ziwa tu katikati. Ubelgiji ilikuwa na haki maalumu bandarini Kigoma na Dar es Salaam tangu mkataba wa 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kwa hiyo mwaka 1955 Kabalo ilioanishwa na kusini kwa gharama ya kufanana na mashariki, na kipande cha Kisangani hadi Ubundu kikaachwa na mita yake moja mpaka leo, peke yake msituni. Shaba ya Katanga ndiyo iliyochagua. Tanzania nayo ilionja jambo hilohilo: reli ya TAZARA, iliyokamilika miaka ya 1970, ilijengwa kwa 1.067 ili ioane na Zambia, na mahali inapokutana na reli ya mita 1, pale Kidatu, ilibidi kituo cha kuhamishia mizigo kifunguliwe 1998. Mtu anayechagua kipimo anachagua jirani, hata kama hakuulizwa hivyo.

Simu za mkononi zilipoingia mashariki ya Kongo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia Celtel iliyoanza nchini mwaka 2000 na Vodacom iliyoanza mwaka 2002, swali lilikuwa lilelile. Mitandao yetu ya GSM ilirusha kwa masafa ya megahezi 900 na 1800, huku Marekani ikitumia 850 na 1900. Simu ya bei kubwa iliyotumwa na ndugu aliyeko ng’ambo, kama ilitengenezwa kwa masafa ya huko tu, hapa haikupata mnara hata mmoja, ilhali Nokia 1100 ya 2003, yenye kioo kisicho na rangi na tochi, ilipiga na kupokea. Baadaye ikaja simu ya laini mbili. Mtandao mmoja ulishika mjini, mwingine ulishika barabarani, na kupiga kutoka mmoja kwenda mwingine kulimaliza salio. Mtu wa kawaida alitembea na kadi mbili na kubadilisha kwa ukucha. Tecno iliona jambo hilo mapema na kuuza simu za laini mbili tangu miaka yake ya mwanzo. Nokia, mwenye soko, alitangaza ya kwanza, C1-00, mwaka 2010. Sidhani kama Nokia ilishindwa kwa uhodari wa ufundi. Ilikuwa na betri nzuri, gamba gumu na jina. Ilichelewa kuuangalia mtandao ambao mteja wake aliishi ndani yake. Na Apple, ambayo ilishikilia tundu lake la chaji aina ya Lightning kuanzia 2012, ililiacha katika iPhone 15 ya 2023 na kuchukua USB-C iliyokuwa ya wote, baada ya Umoja wa Ulaya kutunga sheria. Ni CFL ya 1955 tena: kampuni yenye kipimo chake ikisalimu amri mbele ya mtandao mpana zaidi.

Pingamizi la kwanza ni zito. Litasema: hayo yamepita, leo A05 na Spark 20 zote zina laini mbili, zote zinashika 2G, 3G na 4G, zote zinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo ni haki wanaolinganisha wazungumzie kilichobaki kutofautiana. Nakubali nusu. Mashindano ya tarakimu ndiyo yaliyoleta betri ya mAh 5000 kwenye simu ya bei ya chini, na hilo ni jambo kubwa kwa nchi ambayo watu wengi hawana umeme nyumbani na hulipia chaji kwenye vibanda vya sola. Lakini kuoana hakujaisha, kumehama. Mahali ambapo mnara unatoa 2G peke yake, kioo cha mara 90 hakina cha kuonyesha, na M-Pesa, iliyofika Kongo 2012, inafanya kazi kwa namba za nyota na alama ya reli (#) kwenye simu yoyote ya vitufe. Kibandani, sola ndogo inayogawanywa kwa simu kumi haitoi wati 25 wala 18, kwa hiyo ushindi wa Samsung kwenye mstari huo unayeyuka. Hata serikali iliwahi kupima simu kwa sifa zake: kodi ya RAM, yaani daftari la kusajili simu za mkononi, iliyoanza 2020, ilitoza simu ya 3G na kuendelea dola 7 kwa mwaka na ile ya 2G kiasi kidogo sana, mpaka wananchi walipoipinga na ikafutwa 2022. Mtu aliyenunua simu ya 4G na kuishi chini ya mnara wa 2G alilipia kipimo ambacho mtandao haukumpa. Hakuna karatasi ya kulinganisha simu iliyokuwa na mstari huo.

Pingamizi la pili linatoka Kabalo yenyewe. Reli iliunganishwa, na bado treni imekuwa adimu: vita vya 1996 hadi 2003 vilikata safari, vichwa vya treni vya SNCC, shirika la reli la taifa, vilizeeka, na mizigo mingi ikakimbilia barabara mbovu na baiskeli. Kama kuoana ndicho kipimo kikuu, mbona hakukuokoa? Jibu langu ni kwamba kuoana hufungua njia tu. Hakununui mafuta wala hakubadilishi taruma lililooza. Lakini angalia kilichowezekana kila treni ilipofufuliwa. Behewa liliondoka Lubumbashi na kufika Kalemie bila Kabalo kujengewa gati la kuhamishia mizigo. Kazi ya 1955 haikuhitaji kurudiwa. Reli iliyokufa kwa kukosa matunzo hufufuliwa kwa matunzo. Reli iliyokosea upana huhitaji kung’olewa upya, kilomita kwa kilomita.

Ndiyo maana suala hili lina haraka sasa. Tanzania imechagua kujenga reli yake ya kisasa kwa mita 1.435 badala ya mita 1, treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma 2024, njia inaelekea Kigoma na Burundi, na mazungumzo ya kuifikisha Kongo upande wa Kindu yapo mezani. Lithiamu ya Manono, kusini mwa Kabalo katika jimbo hilihili, nayo inatafuta njia ya kutoka. Mazungumzo ya namna hii hutawaliwa na kasi ya treni, tani kwa behewa na bei ya kilomita, tarakimu zinazopangwa kwa wepesi katika safu mbili. Wajumbe wa Kinshasa na Kalemie wanapaswa kuuliza kwanza 1.435 itakutana wapi na 1.067, nani atalipia kituo cha kuhamishia mizigo, na kama Kabalo itakuwa upande wa ndani au wa nje wa makutano hayo.